Kipande cha Katikati Hakina Mwenyewe

Haya ni maneno niliyoyasema kwenye kikao cha vijana wa chama hapa Temeke, mapema mwaka 2025. Waliokosa nafasi ya kukaa, na wale waliosimama dirishani wasisikie vizuri, waliniomba maandishi. Nimenyoosha sehemu nilizokuwa narukaruka, zilizobaki nimeziacha kama nilivyozitamka.

Nimepewa dakika ishirini, na katibu amekaa hapa mbele na simu yake ananihesabia kama mwamuzi wa ngumi, kwa hiyo naingia moja kwa moja.

Mada niliyopewa ilikuwa "vijana na usafiri wa jiji". Nilikaa nayo siku tatu nikaona ni pana, nitaishia kuwaambia foleni ni kubwa, na hilo mnalijua kuliko mimi. Nimeikata. Leo nitazungumzia kituo kimoja tu cha treni: kituo cha TAZARA, pale Barabara ya Nyerere na Mandela zinapokutana. Sitazungumzia treni zenyewe sana. Nataka tuzungumzie kile kipande cha ardhi kilichopo kati ya mlango wa kituo cha treni na mahali unapopanda gari la pili.

Mimi ni mtoto wa Yombo Vituka. Mama yangu ni mama lishe, anapika upande wa Gerezani. Siku treni ya Mwakanga ipo anapanda, anashuka TAZARA. Treni ile kwa mtu wa Yombo ni neema: haina foleni, kikapu chako cha vitunguu hakuna konda anayekiangalia kwa jicho baya. Lakini inakufikisha mlangoni mwa mjini halafu inakuacha. Reli ya TAZARA haiendi Stesheni. Mama anashuka, anatembea na kikapu mpaka barabarani, anavuka, anapigania daladala la Kariakoo, analipa nauli ya pili. Mimi nashuka hapohapo, natafuta gari la Mandela linipeleke Ubungo, kisha la chuo. Hiyo ni nauli ya tatu, na bado sijasoma hata ukurasa mmoja.

Siku moja niliamua kuhesabu hatua kutoka kwenye behewa mpaka mlango wa daladala. Nilipopita mia tano nikasukumwa nikasahau hesabu. Muhimu ni kwamba hapo katikati unakuwa mtu asiye abiria wa mtu yeyote.

Mtaniuliza, hilo la "si abiria wa mtu yeyote" nimelitoa wapi? Ngoja niwape kisa, halafu nirudi TAZARA.

Mwaka juzi wakati wa masika mama alikuwa anatoka msibani, upande mwingine kabisa wa jiji. Kituo sikitaji, na ofisi sitazitaja, sikuja kushtaki mtu hapa. Alishuka kwenye treni jioni, giza limeingia, mvua inanyesha, akawa anavuka kwenda kituo cha daladala. Katikati pana mtaro. Mfuniko haupo, maji yamejaa, huoni kitu. Mguu ukaingia, akaangukia mkono, kiwiko kikavunjika. Wiki sita hakupika. Nyumbani kwetu wiki sita bila jiko la mama, anayeelewa anaelewa. Ada yangu ya hosteli muhula ule ililipwa na mjomba.

Mimi ndiyo kwanza nimetoka kusoma sheria ya madhara. Nina moto. Nikasema huu ni uzembe, tunadai fidia. Mwalimu wetu alitufundisha, kabla hujazungumzia maumivu ya mteja wako, mtafute kwanza aliyekuwa na wajibu wa uangalifu. Nikaenda kumtafuta. Ofisi ya kwanza wakaniambia eneo letu linaishia kwenye uzio, mtaro uko nje ya uzio. Ofisi ya pili: sisi tunashughulika na barabara, huo mtaro hauhudumii barabara, unapokea maji ya kituo. Ofisi ya tatu, mzee mmoja mpole sana akanikaribisha kiti, akachora ramani kwenye karatasi, akanionyesha mipaka ya kila mmoja. Nikamwambia, "Sasa baba, na hapa?" Nikaweka kidole kwenye kipande kilichobaki cheupe. Akacheka. Akasema, "Hapo mwanangu, hapo katikati hapana mwenyewe."

Sikupata mdaiwa. Kuishtaki serikali kunahitaji notisi ya siku 90 kwanza, na notisi lazima uiandikie mtu. Ningeandika "Kwa Mwenye Mtaro"? Kesi yangu ya kwanza maishani ilikufa kabla haijapewa namba.

Tangu siku hiyo kila ninaposhuka TAZARA naiona ile ramani yenye kipande cheupe. Ukitaka kuelewa kwa nini kipo, inabidi uangalie vitu viwili: chuma na sheria.

Chuma ni rahisi. Dar es Salaam ina reli za upana wa aina tatu. Reli ya Kati, waliyoanza kuijenga Wajerumani mwaka 1905 kutoka hapa Dar mpaka ikafika Kigoma 1914, ina upana wa milimita 1,000. TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa China miaka ya sabini mpaka Kapiri Mposhi kule Zambia, kilomita 1,860, ina upana wa milimita 1,067, kwa sababu reli za Zambia na za kusini ndivyo zilivyo. Na SGR ni milimita 1,435. Kati ya Reli ya Kati na TAZARA tofauti ni milimita 67. Weka vidole vyako vinne pamoja, ndiyo hiyo. Kwa vidole vinne hivyo treni inayotoka Mwakanga haiwezi kuingia Stesheni, na mizigo inayotoka reli moja kwenda nyingine ilibidi ijengewe mahali pa kuhamishia kule Kidatu. Yaani mzigo wa shaba ulifikiriwa. Ukatafutiwa mahali pake, kukawekwa mitambo ya kuushusha na kuupandisha. Mama mwenye kikapu bado.

Oktoba 2012 Serikali ilianzisha treni za abiria za mjini. Nilikuwa darasa la tatu. Waziri wa Uchukuzi alikuwa Dk. Harrison Mwakyembe, na mpaka leo watu wazima wanaiita treni ya Mwakyembe. Moja ilikwenda Stesheni mpaka Ubungo Maziwa kwa Reli ya Kati, nyingine TAZARA mpaka Mwakanga. Baadaye, 2016, ikaongezwa ya Pugu. Mimi ni mpinzani, lakini nasema kweli: lilikuwa jambo zuri na lilifanyika haraka kwa reli zilizokuwepo, bila kusubiri mkopo mkubwa. Kasoro yake ilikuwa moja. Zilianzishwa treni mbili kwa siku moja, kwenye jiji moja, na hazikutani popote. Reli ya Kati inapita Buguruni, vituo vichache tu vya daladala kutoka TAZARA kwa Barabara ya Mandela. Ukitaka kutoka treni hii kwenda ile, panda daladala au tembea juani.

Halafu angalia kilichotokea pale TAZARA kuanzia hapo. Septemba 2018 likafunguliwa daraja la juu la Mfugale, kwa msaada wa Japani. Magari yanapita juu, yanapita chini, foleni ya uwanja wa ndege ikapungua. Kisha Barabara ya Nyerere ikaanza kujengwa njia ya mwendokasi awamu ya tatu, kutoka Gongo la Mboto kuja mjini, kilomita zaidi ya 23. Mbele ya macho yetu, mahali pamoja, tuna treni ya mjini, treni ya kwenda Zambia, daraja la ghorofa, njia ya mwendokasi na daladala za pande nne. Nchi nyingine mahali kama hapo wangepaita kituo kikuu. Sisi tunapaita "shusha TAZARA".

Wapo wanaosema upana wa reli ndiyo kikwazo, hatuna la kufanya. Si kweli. Wakenya wana tatizo hilohilo. Kituo cha treni ya mjini cha Syokimau walikifungua Novemba 2012, muda mfupi tu baada ya treni yetu ya Mwakyembe. Reli yake ni ile ya zamani ya mita moja. SGR yao ilipokuja 2017 kituo kikuu cha Nairobi kikajengwa hukohuko Syokimau, nje ya mji, na wao pia walilalamika sana kwamba kiko mbali. Lakini walifanya kitu: treni ya mjini inatoka katikati ya Nairobi kwa saa zilizopangwa ili iwahi treni ya Mombasa, na inawasubiri wanaoshuka. Reli mbili za upana tofauti, lakini abiria anahama treni kwa miguu yake mwenyewe bila kupanda bodaboda. Abiria hana upana wa reli, bana. Ana miguu. Ukimpa paa, taa na njia iliyonyooka, anahama.

Nisiwapambie sana majirani. Johannesburg wana Park Station. Pale chini ya ardhi inaingia Gautrain, treni ya kisasa, reli ya milimita 1,435, na kituo hichohicho kina treni za kawaida za wafanyakazi, Metrorail, zenye milimita 1,067 kama TAZARA yetu. Ukiangalia picha unasema hawa wamemaliza. Lakini kadi ya Gautrain haikupandishi Metrorail, na nauli ya Gautrain si ya mtu wa Soweto anayehesabu senti. Wako kituo kimoja, wanapishana kama watu wa ndoa iliyokufa wanaoishi nyumba moja. Kwa hiyo nikisema tunataka kituo cha pamoja TAZARA, simaanishi jengo la vioo. Jengo tunaweza kujengewa kesho na kipande cheupe kikabaki palepale, safari hii kikiwa na vigae.

Hapo ndipo tunafika kwenye sheria, na naomba mnivumilie dakika tano, najua baada ya wali watu wanasinzia.

Ile treni ya Ubungo na ya Pugu iko chini ya Shirika la Reli, TRC, lililoundwa kwa Sheria ya Reli Na. 10 ya mwaka 2017, chini ya Wizara ya Uchukuzi. Mwendokasi uko chini ya DART, ambayo ni wakala ulioanzishwa 2007, chini ya TAMISEMI. Barabara kuu zenyewe ni za TANROADS, Wizara ya Ujenzi. Mitaa ya pembeni ni TARURA. TAZARA ndiyo kali zaidi: ni ya nchi mbili, nusu yetu nusu ya Zambia, ina sheria yake ya 1995, ina baraza la mawaziri wa nchi mbili juu yake. Kwa hiyo ukitaka kufungua mlango kwenye ukuta wa kituo cha TAZARA ili mtu atoke moja kwa moja kwenye kituo cha mwendokasi, kinadharia unahitaji wizara tatu za Tanzania na jirani mmoja wa Lusaka. Mlango! Wala sizungumzii treni mpya.

Na kwenye makabrasha dawa ipo zamani. Mpango kabambe wa usafiri wa jiji uliotengenezwa kwa msaada wa JICA mwaka 2008 ulipendekeza mamlaka moja ya usafiri kwa jiji zima. Mpango ukarejewa tena baadaye. Miaka 17 imepita, mamlaka hiyo hatuna.

Badala yake tulipunguza hata kile tulichokuwa nacho. Februari 2021 Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam ilivunjwa. Ilala ikapandishwa ikaitwa jiji. Hoja ilikuwa kubana matumizi, kwamba lile jiji la juu halina eneo lake, linakula tu michango ya manispaa. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, siwezi kuikataa yote. Lakini matokeo yake ni kwamba leo kuna Kinondoni, Temeke, Ilala, Ubungo na Kigamboni, kila mmoja na madiwani wake na meya wake, na hakuna chombo hata kimoja kilichochaguliwa na wananchi ambacho eneo lake ni Dar es Salaam nzima. Aliye juu ya Dar nzima ni Mkuu wa Mkoa, na yeye anateuliwa. Safari ya mama yangu inaanzia Temeke inaishia Ilala. Yangu inaanzia Temeke, inapita Ilala, inaishia Ubungo. Safari zetu ni za Dar nzima, kura zetu ni za vipande. Ibara ya 146 ya Katiba inasema lengo la serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Nikimuuliza diwani wangu wa Temeke habari za kituo cha TAZARA ataniambia ukweli kabisa: mdogo wangu, halinihusu.

Najua wapo hapa wanaosema moyoni, kamanda, Novemba 2024 wagombea wetu wa serikali za mitaa wameenguliwa kwa fomu, wenzetu wametangaziwa asilimia 99 ya viti vya uenyekiti, wewe unatuletea mitaro na nauli? Nimeulizwa hivyo hata na rafiki yangu jana kwenye simu. Jibu langu ni kwamba hayo si mambo mawili. Kile kipande kinabaki bila mwenyewe kwa sababu hakuna mtu anayepoteza kiti chake kikibaki hivyo. Mtu aliyepita bila kupingwa ataufunikia mtaro nani?

Lakini makamanda, kabla hatujapigiana makofi. Sisi tulishika jiji hili. Baada ya uchaguzi wa 2015 upinzani ulikuwa na madiwani wengi, na Machi 2016 Isaya Mwita akawa Meya wa Jiji la Dar es Salaam, akakaa mpaka Januari 2020 alipoondolewa. Alipata vikwazo, tunavijua, uchaguzi wenyewe uliahirishwa mara ngapi. Mabasi ya mwendokasi hayakuwa chini yake wala treni. Hata hivyo nimejaribu kukumbuka, na nimewauliza wakubwa wetu wawili, ni lini tuliitisha mkutano wa hadhara hoja ikiwa moja tu: treni na mwendokasi zikutane. Hawakumbuki. Tulizungumzia Katiba mpya, ufisadi, bei ya sukari, haki kabisa. Hili la abiria hatukulibeba kama letu. Niliposema hivi kwenye kikao cha maandalizi kuna kaka alikunja uso. Kaka, nakuheshimu, lakini ndivyo ilivyo.

Na leo angalia tulivyo. SGR ilizinduliwa rasmi tarehe 1 Agosti 2024. Nimeipanda mpaka Morogoro, shilingi 13,000, nimefika nywele zikiwa vilevile. Ni treni nzuri, asiyesema hivyo ana chuki. Stesheni mpya iko jirani na stesheni ya zamani, na Gerezani ya mwendokasi haiko mbali. Lakini simama nje pale jioni treni ya Dodoma inapoingia. Watu wanatoka kwenye jengo lililochongwa kama jiwe la Tanzanite, wamelipa 31,000 au zaidi, wana mabegi ya magurudumu, na wanaanza kuburuza begi kwenye vumbi wakibishana na bajaji. Wa Mbagala anabishana, wa Kimara anabishana. Saa tatu na ushee kutoka Dodoma, halafu karibu nusu ya muda huo kutoka Stesheni kwenda Rangi Tatu. Na mapema 2025 njia ya mwendokasi ya Mbagala ilikuwa imekwisha kumwagwa zege, vituo vimesimama na mabati yake, mabasi bado. Watoto wa Kilwa Road walikuwa wanajifunzia baiskeli humo.

Kuna watakaosema kuunganisha ni gharama. Mlango si gharama. Taa si gharama. Ratiba iliyobandikwa ukutani ni karatasi. Tiketi moja? Ile N-Card unayovukia Kigamboni ndiyo unayoingilia Uwanja wa Mkapa kutazama Simba na Yanga. Kivuko na mpira havina undugu wowote, na kadi moja inafungua mageti yote mawili. Kwa hiyo teknolojia tunayo mfukoni. Halafu nauli na ubora wa huduma za daladala na za reli vinasimamiwa na chombo kimoja, LATRA, kwa Sheria Na. 3 ya 2019. Chombo kilekile kinachoweza kumwambia konda nauli ya mwanafunzi ni hii, kinaweza kuanza kuuliza nauli ya mtu anayebadilisha gari ni ipi. Kwa sasa jibu ni kwamba anayebadilisha analipa upya kama mtu aliyezaliwa upya.

Na tusisahau wenye ulemavu. Sheria Na. 9 ya mwaka 2010 inataka majengo na huduma za umma zifikike. Ndani ya kituo kipya cha SGR utakuta lifti. Mtu wa kiti cha magurudumu atashuka kwa lifti vizuri kabisa, atafika mlangoni, na baada ya hapo ni kokoto. Sheria haikusema afikike mpaka mlangoni.

Sasa tunafanya nini. Katibu ananionyesha vidole vitatu, dakika tatu.

Mimi sina maandamano ya kuwapendekezea leo. Nina barua. Mwaka 2016 Bunge lilipitisha Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, Na. 6. Tuliilaumu, na ina mapungufu yake. Ukinyimwa, rufaa inaishia mezani kwa Waziri, si mahakamani. Lakini inampa raia yeyote haki ya kuomba taarifa iliyo kwenye ofisi ya umma, na ofisi inapaswa kujibu ndani ya siku 30. Huhitaji kuwa mwanasheria na huhitaji kusema wewe ni chama gani. Nimeandika barua tatu. Moja kwa DART: kwenye michoro ya awamu ya tatu, kituo cha pale TAZARA kina njia ya waenda kwa miguu inayofika kituo cha treni, ndiyo au hapana, na mchoro uko wapi. Ya pili kwa TAZARA: mpango wa kuikabidhi reli kwa kampuni ya Kichina kwa muda mrefu unagusa treni ya Mwakanga, au ni shaba tu. Ya tatu kwa LATRA: kuna kazi yoyote inayofanyika kuhusu tiketi moja ya treni na basi Dar es Salaam.

Maswali ni mafupi makusudi. Ukiuliza swali refu unajibiwa hotuba.

Barua moja kutoka kwangu itawekwa chini ya faili. Nataka ziwe nyingi, kila moja na jina la mtu wake na mtaa wake: Yombo, Buza, Kitunda, Majohe, Tandika. Wa Kinondoni na Ubungo mliokuja, nyinyi andikeni habari ya Ubungo Maziwa, treni inaishia pale na mwendokasi unapita Morogoro Road, ulizeni nani mwenye njia ya katikati. Kila mtu aombe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yake. Bila muhuri siku 30 hazina pa kuanzia, na wataniambia hawakuiona. Mimi hili la muhuri nimelipata kwa machungu ya kiwiko cha mama.

Majibu yakija, hata yakiwa ya mstari mmoja, tutayaleta kwenye kamati ya ilani ya chama. Nataka ilani yetu ya Dar es Salaam iwe na ukurasa wa mamlaka moja ya usafiri, inayowajibika kwa baraza lililochaguliwa na watu wa halmashauri zote tano, na iandikwe waziwazi kwamba eneo kati ya kituo na kituo ni mali na wajibu wake. Nimeshaandika rasimu ya kifungu. Ni mistari minne. Wa sheria wenzangu mje tuipasue, nimeiandika usiku na nina wasiwasi na neno "kipande".

Nakala za barua ziko pale mlangoni kwa dada mwenye kitenge cha njano, na kalamu zipo, naomba mzirudishe. Siku ya 31 tunakutana hapahapa, saa nane, tunahesabu mihuri.